Kuku wa Mkwe

Moza alikuwa akinyonyoa ndege nyuma ya uzio wa makuti, upande wa choo, ambako jirani hawezi kutupa jicho hata akipita njia ya kisimani. Maji ya moto yalishalainisha manyoya, yakawa yanatoka kwa mafungu, meusi, yakimganda vidoleni. Miguu alikwishaikata mwanzo. Miguu ndiyo yenye kusema kila kitu: ya kijani, mirefu, yenye vidole vya kukanyagia majani ya majini. Kichwa nacho, na mdomo wake mwekundu. Vyote vilikwenda shimoni pamoja na manyoya, na udongo akaushindilia kwa kisigino. Kilichobaki kwenye sinia kilikuwa nyama ndogo, nyeusi, ambayo ikishakatwa vipande na kutiwa tangawizi na pilipili manga, mtu asiye mchunguzi angeiita kuku.

Alikuwa kukuziwa, ndege wa majini, na hakuwa wa kwanza. Himid, mume wa Moza, alimnasa asubuhi kwenye bonde lao chini ya mtaa wa Madungu, Chake, akamchinja kwa bismillahi, akamleta nyumbani ndani ya kikapu, juu yake kapanga mchicha. Bonde hilo halikauki tena. Tangu mtaro wa maji machafu ya mji uelekezwe huko, mpunga na mchicha wa Himid hunywa maji masika na kiangazi, na ndege wa majini wamejaa hata wanagombania pa kutagia.

Maini na firigisi Moza aliyaweka kando kwenye kisahani. Hayo yalikuwa na mwenyewe. Binti yao Kauthar alikuwa amekuja kujifungulia kwao, kama desturi ya mimba ya kwanza, na bado alikuwa ndani ya arubaini. Mzazi hupewa maini ili arudishe damu. Mama yake Moza alimlea hivyo, na bibi yake kabla ya hapo, na katika jambo hilo Moza hakutaka mwanawe apungukiwe.

Angeweza kumpikia kuku wa kweli. Bi Umkulthum, mkwewe Kauthar, alikuja kutoka Jadida, Wete, mara tu mtoto alipozaliwa, na tenga zima la kuku wa kienyeji, walionona, majogoo na mitetea. Lakini aliketi chumbani kwa mzazi mvua ikinyesha, na tone likamwangukia begani, kwenye abaya yake nzuri. Bi Umkulthum alisogea tu, akaendelea kuzungumza. Kule kusogea kulimuuma Moza kuliko tusi. Wageni wa mtoto walikuwa bado wanakuja, ukoo mzima wa Jadida, watu ambao babu zao walikuwa na mashamba ya mikarafuu. Moza akawapeleka wale kuku soko la Chake, akarudi na mabati.

"Mara hii tu," alimwambia Himid. "Ndege wako si halali? Si nyama?"

"Halali," Himid alijibu. "Lakini asijue mtu."

Kauthar alikuwa anajua. Mtoto aliyekulia bonde lile hahitaji kuambiwa ladha ya kukuziwa. Tangu bakuli la kwanza alitazama juu, akayaona mabati mapya yanang'ara, akamtazama mama yake, kisha akainama akala. Neno lenyewe halikutamkwa kati yao.

"Leo maini yana uchungu," alisema siku hiyo, mtoto amemlalia pajani.

"Nyongo ilipasuka kidogo. Kula, mwanangu. Umepauka."

Adhuhuri haijafika, pikipiki ikasimama nje. Alikuwa Hudhaifa, mume wa Kauthar, na hotipoti mbili tupu zimefungwa nyuma kwa mpira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hawajambo Jadida?"

"Hawajambo wote, ila Safaa ndiye mwenye kesi. Chakula cha mama hakitaki. Anataka supu ya Bi Moza, na maini ayaone yanaelea. Mama anasema mtoto huyo akizaliwa hatalia, atawika."

Himid alicheka kwa nguvu kupita mzaha wenyewe. Safaa alikuwa dada mdogo wa Hudhaifa. Mimba mbili zilikwishamharibikia, na hii ya tatu nyumba nzima ya Jadida ilikuwa inaibeba kwa mikono miwili. Siku moja Hudhaifa alirudi na supu iliyobaki, Safaa akaionja, na kutoka hapo ikawa haikosi.

"Lakini kuku wenu hawa, baba," Hudhaifa alimwambia Himid wakati Moza akijaza hotipoti, "mbona mifupa yao myembamba hivi? Wanafunga Jumatatu na Alhamisi?"

"Wanatembea sana," alisema Himid.

Moza alikamua ndimu juu ya supu, akafunika, akakaza kifuniko. Maini aliyagawa: nusu ya mwanawe, nusu ya mwana wa mkwe. Alipomkabidhi Hudhaifa hakumtazama usoni, na Hudhaifa aliona ni heshima ya mkwe, akamshukuru.

*

Ruweida alifika juma lile lile. Alikuwa msichana wa chuo kutoka Unguja, mwembamba, mpole wa kuzungumza, aliyekuwa akija bondeni tangu msimu uliopita kusoma habari za ndege wa majini. Himid ndiye aliyekuwa akimtegea hao ndege. Ruweida aliwapima wale ndege, akawatoa manyoya mawili matatu na kuwaachia wengi wao, wachache akawachukua kwenye sanduku la barafu. Himid kwa muda wote huo alidhani anawahesabu kwa ajili ya watalii.

Alikaribishwa barazani. Moza akaleta chai na mikate ya kumimina.

"Nimekuja na majibu, Mzee Himid," Ruweida alisema. "Nilisema mtakuwa wa kwanza kuambiwa, maana bonde ni lenu."

"Haya, tuambie. Wamezidi au wamepungua?"

"Hatukuwa tunahesabu, mzee. Tulikuwa tunapima kilichomo ndani yao." Alikunja mikono mapajani. "Wana risasi. Nyingi. Na madini mengine, yanaitwa kadimiamu, lakini risasi ndiyo imetutisha."

Himid aliirudisha sahani ya mikate mahali ilipokuwa. "Imetoka wapi?"

"Mtaroni. Kule juu kuna watu wanapasua betri za gari zilizokufa, wanayeyusha ile risasi, wanatengeneza chubwi za kuzamishia nyavu. Wanaosha hapo hapo. Maji yanateremka kwenu. Yanaingia kwenye tope, konokono wanakula tope, ndege wanakula konokono. Haitoki, mzee. Inajikusanya kila siku kidogo, kwenye figo, kwenye mifupa. Na kwenye maini hasa."

Moza alikuwa amesimama na birika. Chai ilikuwa imejaa kikombe cha Ruweida na inamwagikia kisahani, na yeye bado anamimina.

"Inatosha, mama, ahsante," Ruweida alisema kwa upole.

"Na mchicha?" Himid aliuliza.

"Mchicha nitakuja kuupima. Kwa sasa msiuuze, nitazungumza na watu wa kilimo tuone watakusaidieni vipi. Najua ni tabu. Ila ndege ndio hatari zaidi. Mtu akiwachemsha kwa muda mrefu na mifupa yao, na akatia kitu kikali, tuseme ndimu, risasi inatoka kwenye mfupa inaingia mchuzini. Kwa mtu mzima ni mbaya. Kwa mwenye mimba, kwa mtoto mchanga…" Alitikisa kichwa. Kisha akatabasamu, kama mtu aliyekumbuka jambo la kumpoza mwenzake. "Nyinyi alhamdulillahi hamuwali. Mlinambia tangu siku ya kwanza. Bonde jengine nilikokwenda niliwakuta watu wanawala, na nilishindwa hata pa kuanzia kuwaeleza."

Ni kweli walimwambia. Siku ya kwanza kabisa, Ruweida, na viatu vyake bado vyeupe, aliuliza kama watu wa hapa huwatumia ndege hao kwa chakula, na Himid alijibu haraka, "Aa, ndege wa matope wale, nani atawala?" Kula kukuziwa ni kazi ya aliyeshindwa kununua samaki. Hakutaka msichana msomi arudi Unguja na picha hiyo. Na kwa jibu hilo, siku zote alizokuja na kwenda, Ruweida hakuona sababu ya kuwaonya.

"Nani atawala," Himid alisema tena sasa, akiangalia chini.

*

Ruweida alipokwisha kuondoka, Moza alikwenda jikoni akaliepua sufuria. Aliimwaga supu shimoni, akafukia, akakaa juu ya mbuzi ya nazi bila ya nazi mkononi. Himid akaja akasimama mlangoni.

"Tuache kupika. Tusiseme kitu," alisema.

"Na Safaa?"

"Safaa tutamwambia kuku wamekwisha. Si uwongo, Mama Kauthar. Wamekwisha kweli."

"Hayo maini aliyokula yamekwisha?"

"Kwani weye ni daktari? Huyo mtoto wa chuo mwenyewe anasema hatari, hatari, hajasema mtu atakufa." Alishusha sauti. "Unataka ukamwambie nini Bi Umkulthum? Kuku wako nimewauza nikaezeka, mwanao nimemlisha ndege wa mtaroni? Atamchukua Kauthar kesho kabla ya arubaini. Watu watauliza mzazi kaondolewaje kwao kabla ya siku zake. Wataambiwa nini?"

"Ungemwambia kweli yule msichana siku ile tusingefika hapa."

"Na weye ungeliacha lile tone livuje."

Hakuna aliyepandisha sauti. Ukuta kati ya jiko na chumba cha mzazi ulikuwa wa udongo, na juu haukufika dari. Moza alipoingia na uji, Kauthar alikuwa amekaa wima, mtoto amemweka mbali kidogo naye juu ya mto, analia.

"Mbona humnyonyeshi?"

"Nimnyonyeshe nini?" Kauthar alisema. "N'nambie wewe."

Moza alimchukua mtoto akambembeleza, na mtoto akamtafuta ziwa kifuani pake pakavu. Kauthar akajifuta macho kwa upande wa kanga.

"Mie nilikuwa najua, mama. Nilikula najua, nilisema si neno, mama asije akaumbuka. Nisingeweza kukutazama na hayo mabati nikasema silitaki bakuli lako. Lakini Safaa hakujua. Alikuwa ananipigia simu kunishukuru. Mie. Anasema, una bahati, wifi, ya mama kama yule."

*

Hudhaifa alipokuja tena, Moza alimwambia kuku wamekwisha. Alilisema jambo hilo kwa wepesi, akiwa anachambua mchele, na Hudhaifa alitikisa kichwa akarudi na hotipoti zake tupu. Jioni ile Moza alijihisi kama mtu aliyepewa nafasi ya kupumua.

Kesho yake asubuhi ikaja pikipiki tena, na nyuma yake limefungwa tenga. Kuku. Wazuri kuliko wa mwanzo.

"Mama kasema, kosa lake," Hudhaifa alieleza akifungua kamba. "Kasema kumbe kuku wanaliwa na watu wawili na yeye alileta wa mmoja. Anakuomba radhi, mama. Kasema umegawana na mwanawe riziki ya mwanao wala hukunung'unika, na kwamba watu kama nyie siku hizi hawapo."

Himid alilipokea tenga kwa mikono miwili. Macho yake na ya Moza yakakutana juu ya migongo ya kuku, na Moza akaona dhahiri anachofikiri mumewe, kwa sababu naye alikuwa anafikiri hilo hilo. Sasa mambo yangeweza kukaa sawa. Apike kuku hawa, wa kweli, ampe Kauthar, ampelekee Safaa. Supu itakuwa ile ile, harufu ile ile. Hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwa nyengine.

Alikwenda na simu nyuma ya uzio, akasimama karibu na shimo.

"Ruweida mwanangu, ni Moza. Samahani nakusumbua."

"Hunisumbui, mama. Hamjambo?"

"Hatujambo. Nilikuwa naulizia… Kuna jirani yangu hapa. Nasikia yeye alikuwa akiwala wale ndege."

"Aliwala sana, huyo jirani?"

"Kiasi. Muda wa… tangu ajifungue. Ni mzazi. Sasa anauliza, amnyonyeshe mtoto au asimnyonyeshe?"

"Amnyonyeshe, mama. Asimkatize maziwa. Lakini wapimwe damu, yeye na mtoto. Hapa kisiwani sijui kama kipimo kipo, nitauliza. Pengine watalazimika kuvuka bahari. Mwambie asiogope mpaka apimwe."

"Na kama akiacha tu kuwala? Haitoki yenyewe?"

"Inatoka pole pole sana. Nyengine inakaa kwenye mifupa miaka."

Moza alilitazama shimo. Mvua ilikuwa imelichimbua upande mmoja, na manyoya meusi yalikuwa yamechomoza.

"Na kama kuna mwengine," alisema, "jirani huyo alikuwa akimgawia. Huyo ana mimba. Anajisikia vizuri tu, hana maradhi."

"Ana mimba kubwa?"

"Inaonekana."

Ruweida alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na hakukuwa na lawama ndani yake, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulisikiliza. "Bi Moza, mwambie jirani asingoje. Huyo mwenye mimba ndiye wa kuwahi. Risasi iliyokuwamo mwilini mwake inavuka kwa mtoto, na daktari hawezi kumwangalia kwa jambo ambalo hajaambiwa. Atafikiri ni mimba kama mimba nyengine. Mwambie jirani najua ni vigumu."

"Nitamwambia," Moza alisema.

"Akitaka niende naye, nitakwenda."

"Hapana, mwanangu. Ataweza mwenyewe."

*

Nyumba ya Bi Umkulthum huko Jadida ilikuwa kongwe, kuta nene, mlango wa mbao nzito. Moza alifika peke yake, amevaa baibui lake la kutokea, na tenga la kuku mkononi. Njia nzima kuku walikuwa wakilia na watu wakimtazama.

"Bi Moza." Bi Umkulthum alitoka mwenyewe kumpokea. Alikuwa mwanamke mrefu, mzito wa mwendo, mwenye harufu ya udi. "Mbona hukunambia unakuja, nikakutumia gari? Na kuku hawa je? Wana maradhi?"

"Hawana. Nimewarudisha."

"Umewarudisha?"

"Siwezi kuwapika kabla hujanisikia."

Bi Umkulthum alimkalisha kwenye mkeka wa ndani, akataka kuita iletwe kahawa na haluwa. Moza alimshika mkono.

"Usilete kitu, mkwe wangu. Nikishakula kwako nitashindwa."

Alisema. Hakusema vizuri. Alianzia kwenye mtaro, akarudi kwenye tone, akaingia kwa Ruweida, akasahau kueleza Ruweida ni nani, ikambidi arudi tena. Bi Umkulthum alimwacha. Mara moja tu alimkatiza.

"Ndege gani?"

"Kukuziwa."

"Wale weusi wa mitaroni?"

"Ndio."

"Mlikuwa mnawachinja?"

"Tunawachinja, wallahi. Himid hali kisichochinjwa."

"Na kuku wangu?"

"Niliwauza. Nikanunua mabati. Siku ile lilikudondokea tone begani."

Bi Umkulthum alifikiri, akilitafuta tone hilo kichwani mwake. Ilionekana wazi kwamba halimo. "Mie silikumbuki," alisema mwishowe.

Moza aliinama. Aibu zote alizokuja nazo alikuwa amezipanga njiani, kila moja na mahali pake, lakini hiyo hakuitarajia.

Bi Umkulthum alimwita Safaa. Alikuja taratibu, mkono mmoja kiunoni, uso umejaa na una furaha ya kumwona mgeni. "Bi Moza, shikamoo. Umeniletea supu?"

"Kaa kitako, mama," Bi Umkulthum alisema. "Bi Moza ana maneno yako. Sitakuambia mie. Atakuambia yeye."

Mara ya pili maneno yalikuja mafupi zaidi. Safaa alisikiliza akiwa ameshika tumbo lake chini kwa viganja viwili. Hakumuuliza Moza kuhusu kuku, wala mabati, wala uwongo.

"Sasa atazaliwa mzima?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Wanasema ukawahi kupimwa. Daktari aambiwe."

"Lakini anacheza. Asubuhi hii amecheza."

"Alhamdulillahi."

"Nilikuwa nakuombea dua," Safaa alisema. "Kila nikimaliza kula." Aliinuka kwa shida, akakataa mkono wa mama yake, akaenda chumbani akafunga mlango. Hawakumsikia akilia. Walimsikia anafungua kabati, anatafuta nguo ya kutokea.

Bi Umkulthum alimpigia simu Hudhaifa, akampa amri moja moja, kwa sauti kavu. Atafute tiketi za boti. Ende Chake akamchukue mkewe na mtoto, leo hii. Wapimwe wote pamoja. Hapana, asingoje arubaini. Alipokwisha aliiweka simu chini, na Moza, ambaye hukumu hiyo aliingoja tangu mwanzo, alisema, "Sawa. Nitakwenda kumfungia nguo zake."

"Bado," alisema Bi Umkulthum.

Alikuwa amebadilika rangi. Aliangalia mlango wa nje, akaangalia mikono yake mwenyewe yenye hina iliyofifia, na kwa mara ya kwanza tangu Moza amjue alionekana hajui aanzie wapi.

"Supu ile haikuwa inakwisha hapa," alisema. "Hotipoti ile kubwa, Safaa peke yake ataimaliza? Nikimimina bakuli, nampelekea Bi Shatha hapo nyumba ya pili. Ana kitoto chake kimezaliwa na uzito mdogo, hakipandi. Nikamwambia, supu hii ya mkwe wangu wa Chake, kuku wake wa kienyeji, mpe mtoto kijiko kijiko. Nilijisifu nayo. Na kwa Bi Mmanga nilipeleka, ana mjukuu. Kila mara nilikuwa nawapelekea. Wakirudisha bakuli wanatia chochote, sambusa, tende. Na mie napokea."

Moza alisogea kidogo juu ya mkeka, karibu yake.

Bi Umkulthum alitwaa baibui lake kwenye msumari, akalivaa, akakosea vifungo, akaanza upya. "Haya," alisema. "Twende. Utasema wewe. Mie nitasimama tu."

Walitoka. Jua lilikuwa kali kwenye uchochoro, na nyumba ya pili ilikuwa karibu mno. Bi Umkulthum alipiga hodi kwa ukucha, kidogo sana, kama mtu anayetumaini hapana watu. Bi Shatha akafungua, kijana, kanga kichwani, mtoto mdogo mno kambeba begani kwake.

"Karibuni. Bi Umkulthum, karibu. Na mgeni."

"Huyu ni Bi Moza," Bi Umkulthum alisema. "Mkwe wangu wa Chake."

Uso wa Bi Shatha ulifunguka. "Ndiye wa supu?"

Moza alifungua kinywa. Lakini aliyesema alikuwa Bi Umkulthum, akiangalia kizingiti, kwa sauti ambayo Jadida haikuwahi kuisikia kwake.

"Supu ile, mwanangu, nilikuletea mie. Kwa mkono wangu."

Akakwama hapo. Sentensi ya pili ikakataa kuja. Bi Shatha alimtazama mmoja, akamtazama mwengine, akaanza kumshusha mtoto kutoka begani ili amwone vizuri.

"Nilipika mie," Moza alisema. "Hawakuwa kuku. Tukae ndani, nikueleze."